Mama Mkwe Kwenye Kiti cha Nyuma

Gari langu lina milango miwili tu. Siku niliyolinunua sikuliona hilo kuwa jambo la kufikiria. Niliona boneti ndefu kama kitanda cha hospitali na rangi ya njano kama ya mtungi wa mafuta ya kupikia, na mwenye gari alipowasha injini kifua changu kilitetemeka kwa namna ambayo hakikuwa kimetetemeka tangu nilipokuwa chuo kikuu. Ni gari la michezo la Kimarekani, la silinda nane, lenye nguvu za farasi zaidi ya mia nne. Lilikuwa limetengenezewa soko la Uingereza, ndiyo maana usukani wake uko kulia na sheria zetu zikaliruhusu kuingia nchini. Mwenyewe alikuwa mkulima wa mahindi hapa Kitale aliyekuwa anahamia ng'ambo kwa watoto wake. Ili nilipate, niliuza gari letu la familia la viti saba, lile lililokuwa limebeba watoto, magunia, mbuzi, na mara moja kitanda kizima pamoja na godoro lake. Kisha nikaongezea akiba ambayo mke wangu alidhani ni ya kubadilisha mabati ya jikoni.

Nilikuwa nimeshapita miaka hamsini. Sina kisingizio kingine.

Kinachoniuma zaidi ni kazi yangu. Mimi ni mtu wa makala. Kwa miaka mingi nimejipatia chakula kwa kuandika magazetini kuhusu ulafi wa wakubwa, hasa magari yao. Kuna makala moja ambamo nilisema kwamba nchi inaweza kupimwa kwa umbali uliopo kati ya gari kubwa na shimo lililo mbele yake. Sentensi hiyo ilipendwa. Watu waliipiga picha wakanitumia kwa simu. Baada ya kununua gari walinitumia tena sentensi ileile, safari hii ikiwa imeambatana na picha ya gari langu nje ya benki, bila neno lolote la ziada.

Kitale ni mji wa trekta na matrela ya mahindi. Gari la njano linalonguruma haliwezi kujificha humo. Vijana wa bodaboda pale stendi walikuwa wakiniona kutoka mbali, wakiniita mbuyu, yaani mzee kwa lugha yao.

"Niaje, mbuyu! Hiyo si gari, hiyo ni ndege imekosa uwanja!"

"Mzee, umeachwa na mke ama ndio unatafuta kuachwa?"

Nilikuwa nacheka kama mtu anayejua utani, huku masikio yakiwaka moto. Nyumbani mambo hayakuwa bora. Jirani yangu anafuga ng'ombe wa maziwa, na siku moja alikuja langoni akiwa na ndoo tupu mkononi kama ushahidi.

"Mwalimu," aliniambia, maana zamani niliwahi kufundisha, "ng'ombe yangu ikisikia hiyo kitu yako inabana maziwa. Si uwe unaisukuma mpaka barabarani kwanza, halafu ndio uwashe?"

Ikawa hivyo. Kwa bahati kuna mteremko mdogo kutoka kwetu hadi barabarani. Kila asubuhi niliachia breki, nikaweka bega kwenye fremu ya mlango, nikawasukuma farasi wangu mia nne na zaidi kwa nguvu za mtu mmoja mwenye mgongo mbovu. Mke wangu alitazama kutoka dirisha la jikoni, chini ya mabati yaleyale ya zamani. Alipanda gari hilo mara moja tu, kwenda kanisani, na aliporudi alisema amechoka kutazama matairi ya malori.

Sasa niseme jambo la desturi, kwa sababu bila hilo yaliyofuata hayataeleweka. Kwetu sisi Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai karibu wakitazamana. Wakikutana njiani, mmoja anashika upande wake na mwingine upande wake. Wakiwa na jambo la kuambiana, hupitisha kwa mtu wa katikati. Hakuna chuki hapo. Mama mkwe ndiye mtu anayeheshimiwa kuliko wote, na heshima yenyewe inapimwa kwa umbali. Mimi mwenye digrii mbili niliwahi kuwaeleza wageni jambo hili kwa maneno marefu na kicheko kidogo cha msomi. Lakini nikimwona mama mkwe wangu akitokea, miguu yangu hujigeukia yenyewe.

Enzi za gari la viti saba hilo halikuwa tatizo. Yeye alikaa safu ya mwisho, mke wangu katikati, mimi mbele, na kila mtu alikuwa na mlango wake.

Mvua za mwezi wa nne zilikuwa zimeanza pale dada mkubwa wa mama mkwe alipofariki, huko karibu na Mabanga, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Huyo dada ndiye aliyemlea. Mama yao alikufa mapema, na mama mkwe alikua mgongoni mwa dada yake. Dada huyo alipougua, mama mkwe hakuweza kwenda kumwona kwa sababu ya goti lake ambalo siku nyingine hukataa kukunjuka. Kwa hiyo msiba ulipotangazwa alisema jambo moja tu: anataka kuuona uso wa dada yake kabla sanduku halijafungwa. Kwao, wazee wakishafunga sanduku, halifunguliwi tena, hata afike nani.

Mke wangu alitangulia Mabanga kusaidia kupika. Mama mkwe, ambaye anaishi Kachibora, alishuka mapema hadi Kitale akalala kwa rafiki yake wa miaka mingi, mama mmoja Mwislamu anayeuza leso na vitenge karibu na msikiti. Asubuhi ya mazishi mwanawe angempitia hapo na pick-up yake. Nami nilikuwa nimejipanga kwenda peke yangu, niliegeshe gari mbali, barabarani kwenye lami, kisha nitembee kwa miguu hadi msibani kama mtu wa kawaida. Nilikuwa nimelifikiria sana jambo hilo.

Asubuhi simu ililia. Alikuwa mke wangu.

"Pick-up ya kaka imelala mtaroni huko Kachibora. Utelezi. Hakuna mwenye ameumia, lakini haitoki leo. Mama bado ako Kitale."

"Pole. Sasa itakuwaje?"

"Sasa nini? Si wewe uko Kitale?"

"Niko."

"Si uko na gari?"

Nyuma yake nilisikia sufuria zikigongana na wanawake wakiimba.

"Nitafute teksi," nikasema.

"Tafuta."

Nilipiga simu kwa madereva wawili ninaowajua. Ilikuwa Jumamosi, siku ya mazishi magharibi yote, na wote walikuwa wameshakodiwa na waombolezaji wengine. Nikampigia tena mke wangu.

"Lakini mama atapitia wapi? Lina milango miwili."

"Baba watoto," alisema kwa sauti ya chini kabisa, na hapo nikajua amekasirika, "mimi sikununua milango. Mama asipouona uso wa mamangu mkubwa leo, usikuje huku. Kaa na gari yako."

Nilisukuma gari hadi barabarani, nikaliwasha, nikaenda.

Mama mwenye duka alikuwa amesimama nje kwenye baraza yake, buibui jeusi, mkoba kwapani, tayari kwa safari. Alikuwa ameamua kumsindikiza rafiki yake tangu aliposikia ni mimi ninayekuja, maana alijua desturi zetu kuliko vijana wetu wanavyozijua. Nyuma ya pazia la mlango niliona ncha ya fimbo. Nikageuka nikatazama upande wa pili wa barabara.

"Mwalimu," alisema akilizunguka gari polepole, "huyu mama ataingilia wapi? Kupitia dirishani?"

"Kiti cha mbele kinalala, halafu mtu anapita nyuma yake."

"Mtu gani?"

Mama mkwe hakuweza kukaa mbele kando yangu, bega kwa bega. Hilo hata kulitaja ni aibu. Kwa hiyo ni yeye aliyepaswa kuingia nyuma, kwenye kiti ambacho kilitengenezwa ili kampuni ya bima iseme gari lina viti vinne. Niliwapa mgongo. Nilisikia fimbo ikigonga bati, pumzi nzito, na rafiki yake akielekeza kama mtu anayeingiza kabati kubwa kwenye nyumba ndogo.

"Kichwa kwanza, dada. Hapana, rudi. Kiuno kwanza. Ingiza mguu mzima, ule mbovu tutaufuatisha. Haya. Haya. Wewe gari, aliyekuunda hakuwa na mama mkwe!"

Hatimaye mama mkwe alikaa upande upande, miguu ameinyoosha juu ya kiti kizima, kichwa kikigusa kioo cha nyuma kilicholala. Rafiki yake akaketi mbele. Nami nikaingia, nikafunga mkanda, nikatazama kioo cha kuonea nyuma kama dereva yeyote anavyofanya.

Macho ya mama mkwe yalikuwa humo. Yote mawili, karibu, yakinitazama. Katika miaka ishirini na zaidi ya ndoa sikuwa nimewahi kuyaona macho yake kwa karibu hivyo. Niliruka kama aliyeguswa na umeme, nikakigeuza kioo kikatazama paa.

"Sasa utaonaje nyuma?" aliuliza rafiki.

"Wewe ndiye utaniambia."

Tukaenda namna hiyo kutoka Kitale: gari lenye nguvu kuliko yote barabarani, likiendeshwa na mtu asiyeona nyuma, kioo chake kikikagua kitambaa cha dari.

Barabara ya kutoka Kitale kwenda Webuye ina matuta kila palipo na shule, kanisa, soko, au mtu mwenye ushawishi. Gari langu limelala chini kama mjusi. Kila tuta nililipanda mshazari, gurudumu moja moja, na bado tumbo lilikwaruza lami kwa sauti iliyonipanda hadi kwenye meno. Kila tulipokwaruza, sauti ndogo ilitoka nyuma kwa Kibukusu, na rafiki yake, anayekijua, akanitafsiria kana kwamba mimi sikusikia.

"Anauliza kwa nini gari linapiga kelele na haliendi."

"Mwambie ni matuta."

"Anasema ni matuta, dada." Akasikiliza. "Anasema matuta yalikuwepo hata mwaka jana."

Kiminini tulipitwa na trekta. Mbele kidogo tulipitwa na bodaboda iliyobeba kochi la watu watatu, na dereva wake akageuka kunitazama kwa huruma ya kweli. Karibu na Kamukuywa vijana wa barabarani walipiga makofi tulipokuwa tunapanda tuta, kama watu wanaomtia moyo mtoto anayejifunza kutembea.

"Lori nyuma," alisema rafiki. "Dereva anatukana. Sitatafsiri."

Kisha tukapata kipande kirefu cha lami tupu. Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Nadhani nilitaka kwa mara moja gari lijitetee. Nilikanyaga. Injini ilifunguka kwa mngurumo, viti vikatusukuma migongo, mashamba ya miwa yakawa ukuta wa kijani, rafiki akaita jina la Mungu kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Na nyuma yangu nikasikia sauti fupi, ya juu, ambayo sikuitambua. Nilipunguza mara moja.

"Analia?" niliuliza.

Rafiki aligeuka kutazama. Kisha akageukia mbele tena, akaupanga mtandio wake.

"Endesha, mwalimu. Usiulize."

Tulikuwa tumeshapita Webuye tukielekea Bungoma mke wangu alipopiga simu tena. Rafiki alipokea akaiweka sauti ya juu.

"Mko wapi? Wazee wanasema wingu limeshafika, wanataka kufunga. Nimewaomba wangoje. Wanasema mvua haingoji mtu. Nimewaambia ni mdogo wake, ni marehemu alimlea. Wanasema pole."

Mama mkwe alikuwa amesikia kila neno. Nilisikia fimbo yake ikigonga sakafu mara moja, taratibu.

Baada ya Mabanga tuliacha lami. Ile barabara ya murram ilikuwa imeloa, nyekundu, inateleza kama sabuni. Nilikwenda nikiomba. Hema za msibani zilikuwa zimeshaonekana juu ya mahindi machanga pale tulipoingia kwenye bonde dogo, na humo ndimo gari lilimokwama. Magurudumu ya nyuma yalizunguka bila kushika chochote. Nilikanyaga mafuta, tope likaruka hadi juu ya paa, injini ikanguruma bonde zima. Nikakanyaga tena. Ndege walitoka mitini.

Na hapo, kupitia spika za msibani, tukasikia sauti ya jamaa wa maikrofoni, ambaye r na l humchanganya.

"Wapendwa, kuna gali kubwa linasikika hapo chini. Nadhani mheshimiwa anakalibia. Wazee, tafadhali, hilo sanduku risifungwe kwanza. Tungoje mheshimiwa apite amwone mama yetu. Vijana! Vijana wa kusukuma, mko wapi?"

Rafiki alinitazama. Nilimtazama. Kwetu, gari likisikika kabla ya kuonekana, lazima liwe la mheshimiwa fulani.

"Nguruma tena," alisema rafiki.

"Vipi?"

"Mwalimu, ngurumisha! Wameacha kufunga!"

Nikangurumisha. Kwa mara ya kwanza tangu ninunue gari lile, nililingurumisha kwa kukusudia mbele ya watu, na uso wangu ulikuwa unaungua. Vijana walikuja mbio, wamevua makoti, wakatusukuma wakiimba, na tope likawapaka wote. Tulipanda kutoka bondeni tukaingia uani mwa msiba, gari la njano lenye madoa mekundu, katikati ya watu waliokuwa wamesimama kwa heshima kumpokea kiongozi wao.

Nilishuka. Watu walinitazama, wakatazama nyuma yangu kumtafuta mheshimiwa. Simu zilikuwa zimeshainuliwa.

Mke wangu alitokea akikimbia, leso mkononi. "Mama yuko wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma wapi?" Kisha akaona. "Geuka," akaniambia. "Geuka na usiangalie."

Niligeuka. Mbele yangu palikuwa na migomba. Niliitazama migomba hiyo kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote maishani. Nyuma yangu nilisikia kila kitu. Kiti cha mbele kilikataa kulala vizuri. Goti lilikuwa limegoma.

"Vuta huu mguu."

"Huo si mguu, ni mkanda!"

"Mama, shika shingo yangu. Inama. Inama tena."

"Mheshimiwa ameelekea kwenye migomba," ilisema spika. "Nadhani ni maombi ya kibinafsi. Tumpe nafasi."

Kisha nikasikia kitambaa kikiraruka. Ulikuwa mraruko mrefu. Baada yake pakawa kimya, ule ukimya wa watu wengi walioona jambo kwa pamoja na wakakubaliana kwa pamoja kwamba hawakuliona. Sikugeuka. Lakini nilijua. Mama mkwe wangu, ambaye hakuwahi kuniruhusu nimwone hata akiwa amevua kitambaa cha kichwa, alikuwa amevuliwa heshima mbele ya ukoo wake wote na kitasa cha kiti nilichokichagua mwenyewe.

Nilipoambiwa naweza kugeuka, alikuwa ameshafungwa leso mbili kiunoni na alikuwa anatembea kwa fimbo kuelekea kwenye sanduku. Watu walimpisha. Wazee walikuwa bado wameshika kifuniko, wamekiinamisha kando, wakimngoja mtu mwingine.

Alisimama akiuinamia uso wa dada yake. Tulisikia, kwa sababu jamaa wa maikrofoni alikuwa amesahau kuizima.

"Nimekuja," alimwambia kwa Kibukusu. "Nimeletwa nimekunjwa kama kuku wa sokoni. Nguo imeraruka. Lakini nimekuja. Usiende ukasema sikuja."

Watu wengine walicheka, na wengi wa waliocheka walikuwa wakilia. Aliweka kiganja kwenye paji la dada yake, akakaa hivyo mpaka tone la kwanza la mvua likagonga hema.

Nilisimama kando ya gari langu nikitafakari mambo ambayo nimekuwa nikiandika kwa miaka mingi. Mke wangu aliwasihi wazee wamngoje mama mzee mwenye goti bovu, mdogo wa marehemu, mtoto aliyekulia mgongoni mwake. Walimwambia mvua haingoji. Kisha wakasikia injini, na mvua ikaweza kungoja. Kama ningekuwa na lile gari la viti saba, tungefika kwa ukimya na heshima, naye angelikuta sanduku limefungwa. Nilikuwa nimejenga jina langu kwa kuwacheka watu wanaoinuka wakisikia gari kubwa. Sasa nilikuwa nimenufaika nao, na sikujua nimwonee nani aibu kwanza.

Jamaa wa maikrofoni alikuwa amenong'onezwa na mtu.

"Kumbe si mheshimiwa! Wapendwa, tulingoja mheshimiwa, tumepata mkwe! Mkwe, kuja usalimie watu."

Uwanja mzima ulicheka. Nilipewa maikrofoni.

"Poleni," nikasema, nikairudisha. Ni makala fupi kuliko zote nilizowahi kutunga.

Nilirudi Kitale peke yangu, kioo kikiwa bado kimetazama paa. Mke wangu, mama yake na rafiki walirudi na gari la jamaa mwingine. Siku mbili nyumbani tulizungumza habari za chumvi na mlango tu. Kisha, akiwa anachagua maharagwe, mke wangu alisema bila kuinua kichwa:

"Ile nguo imeraruka, ndio dada yake alimpatia mwisho."

Nilitoka nje nikasimama kando ya gari. Uzi mmoja mwekundu ulikuwa bado umenasa kwenye kitasa cha kiti. Jioni hiyo nilimpigia simu kijana mmoja mfanyabiashara wa Bungoma ambaye alikuwa amenisumbua muda mrefu akilitaka gari. Nilimwambia aje Jumatatu.

Wazee wa upande wao walisema nipeleke blanketi, ili mambo yanyooke. Nikaongeza kitenge kipya. Rafiki wa mama mkwe alinichagulia dukani kwake. Alitafuta ua kama lile lililoraruka, akapekua mpaka mwisho wa rafu, hakulipata. Tulikwenda Kachibora pamoja, na mara hii nilikodi gari la milango minne. Nilikaa nje kwenye kiti cha plastiki, nikitazama ghala la mahindi. Mama mkwe alikuwa ndani. Rafiki yake alikaa kizingitini, nusu ndani, nusu nje.

"Anasema blanketi ni zito, zuri. Kitenge pia."

"Mwambie ninaomba radhi."

"Anasema ameshasikia." Akainama tena kuelekea ndani. "Anauliza, lile gari bado lipo?"

"Mwambie nimeliuza. Mnunuzi analichukua Jumatatu."

Ndani palisemwa maneno mengi, kwa haraka. Rafiki alianza kucheka, akajizuia.

"Anasema usiliuze."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Anasemaje?"

"Anasema yeye siku yake haiko mbali. Na mtoto wake mdogo, yule shemeji yako aliye kazini Uarabuni, anajua atachelewa. Ndege, ruhusa, mambo. Wazee watasema mvua haingoji. Basi anataka siku hiyo ulilete. Usiingie haraka. Ukae hapa chini bondeni, uliache lilie, lilie sana, mpaka mtoto wake afike."

"Na kama hakutakuwa na tope?"

Rafiki alipitisha swali. Kutoka ndani nikasikia sauti fupi, ya juu. Safari hii niliitambua. Ndiyo iliyotoka nyuma yangu kwenye ile lami tupu, na haikuwa kilio.

"Anasema utatafuta tope," alisema rafiki. "Na anasema usiogope, siku hiyo hatakaa kiti cha nyuma."

Nilimpigia simu yule kijana nikiwa palepale uani. Alinitukana kidogo, nami nikamkubalia.

Kwa hiyo gari bado ninalo, na sasa siwezi hata kulitubia. Vijana wa stendi wanaendelea kuniita mbuyu. Makala kuhusu magari ya wakubwa nimeacha kuandika. Naandika kuhusu maktaba na mashamba. Kila Jumamosi ninaliwasha ili betri isife, nikimtakia mama mkwe maisha marefu kwa moyo wote, na nikijua kwamba kadiri atakavyoishi ndivyo nitakavyoonekana mjini nikiwa ndani ya kitu hiki.

Juma lililopita nilikuwa nimeshaegemeza bega kwenye fremu ya mlango pale mke wangu alipochungulia kwenye dirisha la jikoni.

"Bado linalia vizuri?"

"Linalia."

"Haya," alisema. "Sukuma polepole. Ng'ombe bado hajakamuliwa."